Mtunza Hazina Katika Njia ya Gaza

Wako watu wasemao kwamba Habari Njema iliwafikia watu wa Afrika mwisho kabisa, ikiletwa na meli za Wazungu. Mwenye kusoma Matendo ya Mitume, sura ya 8, ataona sivyo. Kabla Petro hajaingia nyumbani mwa Kornelio, yule akida wa Kirumi, na kabla Paulo hajavuka bahari kwenda kwa Wayunani, Mwafrika mmoja alikwisha kubatizwa.

Mtu huyo alikuwa mtu mwenye mamlaka, mtunza hazina wa Kandake. Kandake si jina la mtu, bali ni cheo cha malkia wa Kushi, ufalme ambao mji wake mkuu ulikuwa Meroe, kando ya mto Nile, katika nchi iitwayo leo Sudan. Alisafiri mwendo mrefu mno mpaka Yerusalemu ili kuabudu. Kitabu hakisimulii jinsi alivyopokewa, lakini sheria ya mahali pale yajulikana. Katika ua wa Hekalu palikuwa na ukuta mfupi wenye mawe yaliyoandikwa Kiyunani, kumwonya mgeni asipite, maana akipita atauawa. Jiwe moja la namna hiyo lilionekana mwaka 1871, nalo limewekwa Istanbul. Tena mtu huyu alikuwa towashi, na Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, ilimkataza mtu wa hali hiyo kuingia katika mkutano wa Bwana. Mali yote ya malkia ilikuwa mikononi mwake, wala haikumfaa kitu mlangoni pale.

Walakini alirudi na chuo cha nabii Isaya, akikisoma garini kwa sauti, na ndipo Filipo alipomkuta. Alikuwa akisoma sura ya 53. Sura tatu tu mbele yake nabii anawaahidi wageni na matowashi mahali katika nyumba ya Mungu.

Walipofika penye maji, akauliza ni kitu gani kimzuiacho asibatizwe. Hilo ni swali la mtu aliyezoea kuzuiliwa. Filipo angeweza kuvihesabu vizuizi: huyu ni mgeni, ni towashi, amefundishwa kitambo kidogo tu, wala hapana mzee wa kuulizwa karibu. Katika nakala zilizo za kale zaidi, Filipo hajibu neno. Gari likasimamishwa, wakashuka majini wote wawili.

Hata yapata mwaka 49, wazee walikutana Yerusalemu wakahojiana sana kama ni sharti watu wa mataifa watahiriwe kwanza ndipo waokoke. Wakakata shauri kwamba si sharti. Lakini yule Mkushi alikuwa amekwisha kwenda kwao kitambo, akifurahi, bila kungoja shauri lao.

Nchini Kenya pia mlango haukufunguliwa kwa wakubwa kwanza. Dkt. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1846 yeye na Rebmann wakaanza kazi Rabai. Krapf alikuwa na mawazo makubwa ya kupanga vituo vya misheni kutoka pwani hata pwani ya Afrika. Wa kwanza kubatizwa huko Rabai hakuwa mzee wa kaya wala tajiri wa mifugo. Alikuwa Mringe, kiwete maskini, naye alibatizwa mwaka 1851, akiwa karibu kufa.