Kusomea uganga wa mifugo: anayengoja matokeo ya Exetat amekwisha chelewa

Kila mwaka ni vilevile. Matokeo ya Exetat yanaanza kuingia kwenye simu, waliopita wanamwagiwa poda kichwani, watu wanaimba barabarani, halafu kesho yake mzazi anauliza: sasa utasoma nini? Katika familia za wafugaji wa Masisi, Lubero ao Djugu kuna vijana wenye jibu tangu utoto. Wanataka kuwa waganga wa mifugo. Shida ni kwamba wengi wanaanza kujitayarisha siku ile ya poda.

Wengine wanapotezwa na mashauri ya intaneti. Kule Marekani, kijana anasoma kwanza chuo kikuu mambo mengine, mara nyingi miaka 4, ndipo anaomba nafasi kwenye shule ya uganga wa mifugo. Kongo ilirizi njia ya Ubelgiji: mwenye diploma ya Serikali anaingia fakilte moja kwa moja. Zamani ilikuwa miaka 3 ya gradua na miaka 3 ya doktora, jumla 6. Sasa kuna mfumo wa LMD na kredi zake 60 kwa mwaka, lakini njia haijawa fupi sana. Kwa hiyo kijana anayejiandikisha kwanza kwa biolojia ao kilimo akifikiri ni ngazi, anaweza kujikuta ameketi tena mwaka wa kwanza pamoja na wadogo zake. Feza ya mzazi imekwisha kwenda.

Matayarisho ya kweli yanafanyika sekondari, na hapo vijana wanatoka njia mbili. Kuna wale wa sayansi. Hao wanajua kusawazisha fomula, lakini wengine hawajawahi kushika ng'ombe kamba. Kuna wale wa shule za ufundi za kilimo na mifugo, zile watu wanaita ITAV. Hao wamekwisha kuona mbuzi akizaa, wanajua kupiga sindano, lakini kemia na fizika yao mara nyingi ni nyembamba. Kila upande unachechemea mguu mmoja. Na mwaka wa kwanza hauangalii ng'ombe: ni kemia, fizika, biolojia, hesabu. Baadaye inakuja anatomia, na majina ya mifupa hayana huruma. Yote ni kwa Kifaransa. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kijijini anaweza kuanguka hapo, si juu ya kukosa akili, ni juu ya kukosa msingi.

Basi aliye kwenye miaka miwili ya mwisho ya sekondari anaweza kufanya nini? Yule wa ITAV atafute mwalimu wa kemia, hata wa kulipa kidogo kidogo, na arudilie madaftari ya wenzake wa sayansi. Yule mwingine amfuate mganga wa mifugo wa eneo lake wakati wa chanjo ya mbwa ao ya kuku. Aombe pia kuingia machinjioni asubuhi, aone namna mkaguzi anavyopasua ini kutafuta minyoo. Wengine wanafika pale mara moja, harufu inawashinda, na ni vizuri kujua hivyo kabla ya baba kuuza ng'ombe. Awe na daftari. Na asiguse kichanga cha ng'ombe aliyetupa mimba kwa mikono mitupu: ugonjwa wa bruseloze unapita hapo, na unaingia mtu.

Kuhusu mahali, kwa miaka mingi wengi walikwenda Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kwa mtu wa Kivu ni safari ndefu, nyumba ya kupanga na kukaa mbali na jamaa kwa miaka. Butembo kuna fakilte pia, kwenye Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, hata kama barabara za kufika huko, na hali hii ya vita, hazieleweki kila siku. Exetat inapita kuanzia asilimia 50, lakini fakilte inaweza kuomba zaidi ao kutoa mtihani wake. Hilo liulizwe mapema, kwa sekretaria yenyewe, si kwa rafiki.

Kuna sababu jambo hili linawahusu hata wasio na mtoto shuleni. Ng'ombe akiugua leo vijijini, mara nyingi mwenyewe anakwenda sokoni, ananunua oksitetrasiklini kwa muuzaji asiyejua kipimo, anadunga, na kesho yake maziwa yanauzwa. Dawa imo ndani ya maziwa. Nguruwe wakishikwa na homa ya Afrika, hakuna wa kusema mapema kwamba wasihamishwe, na hodi nzima inakwisha. Mganga mmoja anafunika eneo ambalo pikipiki yake haiwezi kuzunguka kwa juma moja.

Mwaka wa masomo unaandikisha baada ya matokeo. Aliyebakiza mwaka mzima kabla ya Exetat bado ana wakati wa kutosha kupata kemia yake.