TUSIWASAHAU WENYE NGAO

Miongoni mwa michezo ya kompyuta inayowavuta vijana ulimwenguni umo mmoja uitwao Overwatch, uliotolewa na kampuni ya Blizzard Entertainment ya Marekani mwezi Mei, 2016. Ni mchezo wa vita vya kubuni vya zama zijazo, wenye bunduki, maroboti na mashujaa wa kila namna, na wachezaji hukutana kwa njia ya intaneti hali kila mmoja yuko kwao. Wazee wengi wakiutazama huona kelele na risasi tu. Sisi tunaamini kwamba ndani yake limo somo la kazi ya pamoja, nalo linawahusu vijana wanaocheza na wakubwa wanaowaongoza.

Mashujaa wa mchezo huo wamegawanywa kwa kazi zao. Wapo washambuliaji, ambao wajibu wao ni kumpiga adui. Wapo walinzi, wanaotangulia mbele ili mapigo yawaangukie wao kabla ya wenzao. Na wapo wasaidizi, wanaoponya majeraha ya wenzao na kuwatia nguvu. Inafaa ikumbukwe kuwa kazi hizi mbili za mwisho zina gharama yake. Mlinzi aitwaye Reinhardt, anapoinua ngao yake pana ili wenzake wapate kujificha, hawezi wakati huo huo kupiga kwa nyundo yake. Msaidizi Mercy, anaposhika fimbo ya kuponyea, hana bastola mkononi. Anayewatumikia wenzake huacha kwa hiari nafasi ya kujipatia sifa.

Hapo ndipo lilipozuka tatizo. Katika miaka ya mwanzo timu ilikuwa na watu sita, na kila mmoja alikuwa huru kuchagua shujaa amtakaye. Wengi walitaka kuwa washambuliaji, kwani sifa ya aliyeua husikika upesi kuliko ya aliyeokoa. Wahenga walisema kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nasi wana wa visiwa tunajua pia kwamba chombo chenye nahodha hodari hakifiki bandarini ikiwa hakuna anayekubali kufua maji ngamani.

Tuchukue mfano wa uwanja uitwao Numbani, mji wa kubuni uliowekwa Afrika Magharibi, ambao jina lake sikio la Mswahili hulisikia kama nyumbani. Huko timu inayoshambulia hutakiwa kwanza kuteka eneo, kisha kusindikiza gari hadi mwisho wa njia. Gari hilo halisogei mbele mpaka mmoja wa timu hiyo asimame karibu nalo, na adui akilifikia husimama. Timu huweza kuua maadui wengi na bado ikashindwa, kwa kuwa kila mtu amekimbilia vita vyake mwenyewe na gari limeachwa njiani. Aidha, anayeuawa hurudi uwanjani baada ya muda mfupi. Mwenye busara huwangoja wenzake waliokufa ili waingie pamoja. Asiye nayo hurudi peke yake, na peke yake hufa tena.

Timu hodari ziligundua thamani ya ngao na tiba mapema. Mwaka 2018 ulienea mtindo ulioitwa GOATS, kwa jina la timu iliyoupatia umaarufu: walinzi watatu na wasaidizi watatu, bila mshambuliaji hata mmoja. Kikosi hicho kilitembea kwa pamoja, kikilindana na kuponyana, na ikawa vigumu mno kukivunja. Katika ligi kubwa ya mchezo huo ulitawala hadi mwaka 2019, ambapo timu ya Shanghai Dragons, iliyokuwa imepoteza mechi zake zote 40 za msimu wa 2018, ilitumia washambuliaji watatu na kutwaa kombe la awamu ya tatu.

Mwaka huo huo wa 2019 wenye mchezo waliweka sheria: kila timu iwe na walinzi wawili, washambuliaji wawili na wasaidizi wawili. Wapo waliolalamika kuwa uhuru umeondolewa, na kwamba Shanghai walikuwa wamekwisha kuonyesha kuwa akili ya wachezaji yaweza kupata dawa bila ya amri. Hoja hiyo ina uzito kwa mabingwa. Kwa wachezaji wa kawaida, waliokuwa wakijikuta katika timu isiyo na wa kuwaponya, sheria ilikuwa ya lazima, nasi tunaiunga mkono.

Hata hivyo sheria hiyo ilifichua jambo kubwa zaidi. Waliotaka kushambulia walijikuta katika foleni ndefu, na waliokubali kushika ngao wakawa haba. Zawadi zikatolewa kwa atakayejaza nafasi iliyopungukiwa. Hatimaye, katika toleo la pili la mwaka 2022, timu zikawa za watu watano na nafasi ya mlinzi ikabaki moja. Mzigo wa wawili ukawekwa juu ya mabega ya mmoja, na timu ikishindwa, yeye ndiye wa kwanza kulaumiwa.

Ni dhahiri, basi, kwamba amri hugawa nafasi, lakini heshima ndiyo inayowafanya watu wazipende. Mwaka 2018 wenye mchezo walianzisha utaratibu wa wachezaji kusifiana baada ya pambano, kwa uongozi mwema, kwa ushirikiano na kwa uungwana. Huo ndio mwelekeo uliostahili kupewa nguvu zaidi.

Tunatoa wito kwa vijana wetu wanaocheza michezo ya namna hii wajifunze kila kazi, na wasione haya kuwa wa kwanza kusema, "Leo mimi nitashika ngao." Tunawaomba wanaoandaa mashindano waweke tuzo ya mlinzi na ya msaidizi kando ya ile ya mwuaji bora.

Na kwa viongozi wetu serikalini, wenye dhamana ya kupanga watu makazini, tunasema kwamba somo hili linawahusu. Mwuguzi wa zamu ya usiku, mwalimu aliyepelekwa kisiwa cha mbali na fundi wa mitambo ya maji hawapigi bao linaloshangiliwa. Wakipungua, hakuna haja ya kuuliza kwa nini vijana hawazitaki nafasi hizo, iwapo sisi sote tumezoea kumpigia makofi mshambuliaji peke yake. Sifa zigawanywe kama kazi zinavyogawanywa, na hapo gari litasogea.