Pikapu ya Mkopo na Gunia la Kumi na Mbili

Nataka kusema neno juu ya pikapu katika gazeti letu. Najua wako watakaocheka na kusema kwamba gazeti la chama ni la mishahara na saa za kazi. Lakini pikapu nyingi zinazokwenda na kurudi kati ya Kitale na Bungoma zimenunuliwa kwa mishahara, tena si mshahara wa mwenye gari peke yake. Zimenunuliwa kwa mkopo wa ushirika, na nyuma ya mkopo wamesimama wadhamini. Pikapu ikilala gereji, mshahara unaokatwa mwishowe ni wa mtu ambaye hajapata hata kuushika usukani wake. Mimi nimekatwa hivyo miezi saba, kwa hiyo nadhani nina haki ya kusema.

Mambo yalikuwa hivi. Mwenzetu mmoja alinunua pikapu ya tani moja, iliyokwisha tumika lakini yenye injini nzuri. Nia yake ilikuwa njema: kuchukua mahindi ya wakulima upande wa Endebess na Kiminini, kisha kurudi na bidhaa za maduka. Mwezi wa kwanza hakununua oili wala filta. Alinunua bampa kubwa la chuma, keria ya kimo cha mtu, taa nne za kuweka juu ya kichwa cha gari, na honi yenye sauti ya gari la moshi. (Mimi nisikiaye honi yenyewe mchana kutwa sioni raha yake.) Halafu akapeleka gari kwa fundi, springi za nyuma zikaongezwa majani mawili kila upande, naye akatuambia, "Sasa inabeba tani mbili."

Ndugu zangu, neno hilo ndilo lililotuponza, nami nitakaa hapo kidogo.

Sisi wa reli tunajua ya kuwa kila behewa limeandikwa ubavuni uzito wake likiwa tupu, na mzigo linaoruhusiwa kuchukua. Hayo si mapambo. Pikapu ya mizigo nayo imeandikwa mlangoni. Gunia la mahindi likiwa la kilo 90, ukipakia magunia 11 umefika kilo 990, na tani yako imekwisha. Gunia la 12 halina mahali pake. Tena ukifunga vyuma vya kilo 90, basi gunia moja umekwisha kulipakia kabla hujatoka nyumbani, wala hakuna mtu atakayekulipa nauli yake. Utalibeba kwenda na kurudi mwaka mzima, nawe utalinunulia mafuta.

Majani ya springi yakiongezwa hayaongezi nguvu ya ekseli, wala ya beringi, wala ya tairi. Yanaficha tu. Zamani gari likizidiwa lilikaa chini nyuma, na kila mtu aliona, hata askari wa barabarani. Sasa limesimama wima kama halina kitu. Na liko jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Pikapu nyingi zina valvu ya breki karibu na ekseli ya nyuma, imeungwa kwa kijiti cha chuma. Mzigo ukishusha bodi, kijiti husogea, na valvu huziachia breki za nyuma zishike kwa nguvu. Gari likiwa tupu, valvu huzipunguza, ili magurudumu ya nyuma yasifunge na gari likateleza. Haya, umetia springi ngumu, bodi haishuki, valvu inadhani gari ni tupu na kumbe limebeba magunia 18. Breki za nyuma zinashika nusunusu, kazi yote inaangukia zile za mbele, nazo zinapata moto. Fundi akuongezeaye springi bila kuitazama valvu hiyo hajakufanyia kazi nzuri, hata kama ni rafiki yako.

Pikapu ya mwenzetu ilikatika yu-bolti karibu na Kamukuywa. Ekseli ikarudi nyuma upande mmoja, gari likaingia mtaroni na magunia yote 18. Kijana wa mizigo alikuwa amekaa juu ya magunia, jambo ambalo sheria inakataza na sisi sote tunalitazama kila siku bila kusema kitu. Alivunjika mguu.

Ndipo tukajua habari ya bima. Bima aliyokata ilikuwa ya kuchukua mali yake mwenyewe, si ya kuchukua mizigo ya watu kwa malipo. Hizo ni bima mbili mbalimbali, na ile ya pili ni ghali zaidi, kwa hiyo wengi hukata ya kwanza na kuomba Mungu. Karatasi ilisema wazi. Hakuisoma, na sisi wadhamini hatukuomba kuiona. Mahindi ya wakulima yakalipwa kwa kuuza ng'ombe.

Mshahara wake ulikuwa umekwisha fika mpaka. Sheria ya Kazi ya 2007 hairuhusu makato yote pamoja kupita theluthi mbili za mshahara, na hiyo ni sheria nzuri, maana mtu lazima ale. Lakini ushirika nao hausamehi deni. Wakageukia wadhamini.

Wako watakaosema kwamba nachukia mtu kupendezesha mali yake. Sivyo. Hata baba zetu wa Kitale walizipenda Peugeot 404, maana motakaa hiyo ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, na tena 1966, 1967 na 1968. Lakini gari la mashindano lina taa nyingi kwa sababu hukimbia usiku. Sisi tunapakia kabichi. Vitu vya kuongeza vipo vyenye faida: turubai zuri, maana mahindi yakinyeshewa njiani mnunuzi atayakataa, jeki inayoweza kuinua gari lenye mzigo, tairi la akiba lililo zima, minyororo au kamba za kufungia. Vyote hivyo pamoja havifiki bei ya bampa na zile taa.

Na matunzo si elimu kubwa. Mimi kazi yangu ni kukagua mabehewa, naligonga gurudumu kwa nyundo na kusikiliza, nashika boksi la ekseli kuona kama lina moto. Mwenye pikapu anaweza kufanya hivyo kila asubuhi: kutazama yu-bolti, kupiga grisi kwenye propela, kumwaga maji kwenye filta ya dizeli, kupima upepo wa tairi kabla halijapata moto. Na aandike katika daftari kilomita alizobadilisha oili. Kichwa husahau.

Tawi la reli kutoka Leseru lilifika Kitale mwaka 1926, na kwa miaka mingi mahindi ya Trans Nzoia yaliondoka kwa mabehewa. Leo mkulima anategemea tairi. Kwa hiyo pikapu ni kazi ya kweli, wala sisemi wenzetu wanyimwe mikopo.

Nasema hivi: kamati ya mikopo isitoe fedha za pikapu mpaka wadhamini waione karatasi ya bima kwa macho yao, na mkopaji aweke akiba ya tairi na breki katika ushirika huo huo, isiyoguswa kwa jambo jingine. Na mkopo wa mapambo usiitwe mkopo wa biashara. Katika mkutano wa tawi ujao nitalitoa shauri hili. Namwomba mwenzetu mwenyewe awepo, maana ameniambia kwamba ataliunga mkono, na bampa lile bado analitafutia mnunuzi.

Mkaguzi wa Mabehewa,
Bungoma