Kuongeza nguvu ya injini bila kuimarisha breki ni hatari

SERIKALI ilipoondolea pikipiki ndogo kodi ya VAT mwaka wa 2008, bodaboda zilienea kote nchini. Nyingi zilikuwa na injini zilizoiga ile ya Honda CG125 ya miaka ya 1970, iliyoundwa istahimili kazi ngumu na matunzo haba.

Injini hiyo ni rahisi kuongezwa nguvu. Fundi huondoa silinda na pistoni yenye kipenyo cha milimita 56.5 na kuweka za milimita 62. Ujazo hupanda kutoka sentimita za ujazo 124 hadi 149. Asiporekebisha kabureta, petroli huenda ikapungua, joto likazidi na pistoni ikaungua.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi iko kwenye magurudumu. Breki zinapokanyagwa kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa, pikipiki huhitaji umbali unaozidi kwa nusu ule wa kilomita 80, ilhali breki ni zile zile.

Abiria wa bodaboda hulipia kufika salama. Kwa hivyo, fundi hana budi kuanza na breki na matairi kabla ya kugusa silinda.