Malighafi ya umeme wa nyayo haiko ng'ambo pekee

Mnamo 2012, Mkenya Anthony Mutua alivutia wengi jijini Nairobi alipoonyesha viatu vya kuchaji simu mvaaji anapotembea. Sasa kwa kuwa wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari pevu Januari 2026, wakiwemo wa mkondo wa sayansi na teknolojia, majaribio ya aina hiyo yanastahili nafasi maabarani.

Kizingiti kinachotajwa haraka ni gharama. Ni kweli kwamba kauri zinazouzwa ng'ambo kwa ajili ya utafiti ni ghali, mbali na nauli na ushuru. Hata hivyo, kauri ya aina iyo hiyo, ambayo hutoa umeme inapobonyezwa, imebandikwa kwenye visahani vyembamba vya shaba ndani ya vifaa vingi vinavyolia: ving'ora vya moshi, saa za mezani, hata vidude vya watoto vilivyotupwa. Mwalimu anaweza kuanzia kwa fundi wa redio mtaani, au maduka ya elektroniki ya Barabara ya Luthuli, Nairobi. Achague kwa makini, maana ving'ora vyenye sumaku na waya uliosokotwa havina kauri hiyo.

Njia nyingine ni kongwe zaidi. Chumvi ya Rochelle, mojawapo ya fuwele ambazo ndugu Pierre na Jacques Curie walizichunguza jijini Paris mwaka 1880, hutengenezwa kwa unga wa tartari wa waokaji keki na magadi, bidhaa ambayo Kenya huchimba yenyewe. Fuwele zake ni dhaifu, na huharibiwa na unyevu na joto.

Wanafunzi wasidanganywe, lakini. Kisahani kimoja kikigongwa hutoa volti nyingi ila mkondo haba mno. Nguvu yake ya wastani ni sehemu ndogo tu ya wati, ilhali chaja ya kawaida ya simu huhitaji kutoa wati 5. Kwa dayodi nne na kapasita, taa ndogo itamweka, basi.

Hatari iliyopo ni madini ya risasi, ambayo ni zaidi ya nusu ya uzani wa kauri hiyo. Isivunjwe wala kusagwa. Nyaya nazo zilehemiwe upesi, kwani joto likizidi kauri hupoteza uwezo wake.