Kete Haiulizwi

Wapenzi wa gemu za mikakati wa rika langu wana kauli wanayoitamka kama shahada: gemu bora ni ile isiyo na upande mwema wala upande mbaya. Kila himaya ina haki zake na dhambi zake, mchezaji achague anayoitaka, mtengenezaji asimhukumu. Huo, wanasema, ndio ukomavu. Gemu za mashujaa na mashetani tuwaachie watoto.

Nusu ya kauli hiyo naikubali. Nusu ya pili ni uongo, na kwa mtu aliyekulia Mwandiga, kilomita chache kutoka Ujiji na Ziwa Tanganyika, uongo wake si mgumu kuuona.

Nianze na gemu zenyewe. Katika Age of Empires II, iliyotoka mwaka 1999 na inayochezwa hadi leo, mwanakijiji mmoja anagharimu chakula 50. Unabonyeza, anatokea, unamtuma kukata miti. Idadi ya watu wako ikifika kikomo na ukahitaji nafasi ya askari, unaweza kumchagua mwanakijiji yule yule, ukabonyeza kitufe cha kufuta, akaanguka na kufa. Wachezaji wazoefu wanafanya hivyo bila kusita. Hakuna anayelia, hakuna anayekimbia, kijiji hakiasi. Katika Civilization IV ya mwaka 2005 unaweza kuchagua mfumo wa utumwa, kisha ukatoa sehemu ya wakazi wa mji ili jengo likamilike haraka. Mji unanung'unika kwa muda, halafu unasahau.

Victoria 3, iliyotoka mwaka 2022, inasifiwa kwa utata wake wa kimaadili kuliko hizo zote. Ina sheria za utumwa, ina matabaka, ina makundi ya wenye mali na wafanyakazi yanayovutana. Lakini ramani yake inaanza mwaka 1836, na sehemu kubwa ya bara letu, mbali na pwani, imejazwa mataifa yanayohesabiwa kuwa hayana serikali kuu. Gemu ilipotoka, mataifa hayo hayakuweza kuchaguliwa na mchezaji. Yamewekwa pale ili yachukuliwe. Unaweza kuwa Uingereza, unaweza kuwa Ufaransa, unaweza hata kuwa mkoloni mwenye huruma anayepitisha sheria nzuri. Kuwa mtu wa huku, anayeziona bendera zikija, huwezi.

Kwa hiyo uhuru wa kuchagua upande umegawiwa kabla gemu haijaanza. Wenye bendera wanachaguliwa, wasio na bendera wanatumiwa. Kisha tunaambiwa kwamba gemu haina upande!

Sasa tuje Ujiji, mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora. Ukitafuta historia isiyo na malaika, ni hii. Mwaka 1871 Mirambo wa Unyamwezi alipigana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora na kuifunga njia ya kuja Ujiji. Henry Morton Stanley, aliyekuwa safarini kumtafuta Livingstone, aliingia vitani upande wa Waarabu. Wakashindwa, naye akalazimika kuzungukia kusini ndipo akafika. Mwaka 1876 Stanley huyo huyo alikutana na Mirambo, wakachanjiana damu, wakawa ndugu. Mirambo mwenyewe tumefundishwa shuleni kuwa ni shujaa, na jina lake lipo kwenye mtaa wa Dar es Salaam na kwenye kambi ya jeshi Tabora. Lakini rugaruga wake walivamia vijiji, wakateka watu na mifugo, na waliotekwa hawakuwa Waarabu wa Tabora.

Halafu kuna Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, aliyetajirika kwa pembe za ndovu na watumwa ng'ambo ya ziwa hili. Mwaka 1887 Stanley, kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, alimfanya gavana wa Stanley Falls, ambayo leo ni Kisangani. Mfanyabiashara wa watumwa akawa gavana wa dola iliyojitangaza kuwa imekuja Kongo kukomesha biashara ya watumwa. Mwaka 1892 dola hiyo hiyo ikaingia vitani na Waarabu na Waswahili wa Kongo ya mashariki, ikajitapa kwamba inawakomboa watumwa, na kufikia 1894 ikawa imeshinda. Waliokombolewa wakajikuta wanalazimishwa kukusanya mpira wa porini kwa viboko, kwa kushikwa mateka wake zao, na kwa kukatwa mikono.

Na katikati ya vita hivyo yupo Ngongo Lutete. Alikuwa kamanda wa Tippu Tip. Mwaka 1892, baada ya kushindwa na Wabelgiji, alihamia upande wao, na jeshi lake likawa sehemu kubwa ya ushindi wao. Mwaka 1893 maofisa wa Kibelgiji wakamtuhumu kwa usaliti, wakampiga risasi. Mwaka 1895 askari wa Luluabourg, wengi wao waliokuwa watu wake, wakaasi.

Hakuna gemu niliyoicheza yenye mseto kama huo, na hapa ndipo ninapoikubali nusu ya kwanza ya kauli ya wenzangu: upande msafi haukuwepo. Tatizo linaanza wanapovuka kutoka "hakuna aliye msafi" kwenda "wote ni wale wale, chagua unayemtaka". Kati ya sentensi hizo mbili kuna bonde, na watu wamelala humo.

Ujiji ina Wamanyema wengi. Ni wazao wa watu waliovuka ziwa kutoka Kongo, baadhi kama watumwa, baadhi kama wafuasi wa wafanyabiashara, na baadhi wakiwa vyote viwili kwa nyakati tofauti. Aliyetekwa leo kesho alibebeshwa pembe, keshokutwa akapewa bunduki akateke wengine. Wazee wetu wana mchezo unaoeleza jambo hilo bila kujidai. Ubao wa bao una mashimo 32 na kete 64. Kete hazina rangi ya upande. Ukila kete za mwenzako, hazitoki mchezoni. Unazichukua na kuzisambaza upande wako, na tangu hapo zinakupigania wewe. Hakuna anayeiuliza kete. Lakini bao halijawahi kudai kwamba linakufundisha maadili. Halikuletei hotuba ya mfalme mwenye majonzi wala halikupi chaguo la kuwa mtekaji mwenye roho nzuri. Linasema: hizi ni kete, nawe una mkono. Gemu zetu za kisasa zinafanya hesabu ile ile ya kete, kisha zinapaka juu yake mazungumzo ya huzuni ili mchezaji ajione mtu wa kina.

Watetezi watajibu kwamba wadogo hawakuwa na chaguo, kwa hiyo gemu ya kuchagua haiwezi kuwahusu. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Methali hiyo naiheshimu, ila nyasi hazina miguu, na watu wa njia ya misafara walikuwa nayo. Shajara za wasafiri wa karne ya 19 zimejaa malalamiko kuhusu wapagazi waliotoroka usiku na kuacha mizigo. Wenye misafara waliita uvivu na usaliti. Mimi nauita uamuzi wa kimkakati: mtu amepima njaa, umbali, viboko na mshahara, akaona upande wake ni nyumbani kwao. Wengine walipima wakaamua kinyume. Livingstone alipofariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, Susi, Chuma na wenzao wangeweza kumzika wakatawanyika. Waliubeba mwili hadi Bagamoyo, wakafika mwaka 1874. Anayetoroka na anayebaki wote wawili walichagua, na chaguo lao lilikuwa zito kuliko la Stanley, kwa sababu aliyekosea alilipa yeye mwenyewe.

Hiyo ndiyo tofauti ambayo gemu haitaki kuigusa. Uzito wa chaguo unatokana na nani analipa. Mchezaji wa himaya halipi. Akishindwa anarudi pale alipohifadhi, anaanza tena akiwa upande mwingine.

Kumbuka pia vita vya ziwani. Mwaka 1915 Wajerumani walizindua hapa Kigoma meli ya Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa maelfu ya masanduku na kuungwa upya. Waingereza nao walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa reli, na porini kwa kukokotwa na mitambo ya mvuke na maksai. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Kisa hiki kinapendwa sana, na kinasimuliwa kama gemu hasa: meli yangu, boti zako, nani mjanja. Lakini katika vita hiyo hiyo ya Afrika Mashariki, makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu, wakiwabebea pande zote. Kariakoo ya Dar es Salaam imebeba jina la kikosi chao kwa Kiingereza kilichotamkwa na Waswahili, na wengi wanaonunua nguo pale hawajui.

Mtu ataniambia: ndugu yangu, ni gemu tu. Ningenyamaza kama lugha ya gemu ingebaki kwenye gemu. Goma ilipotekwa Januari 2025, nilisoma vijana wenzangu, wasomi, wakijadili Kongo kwa ramani zenye rangi: nani kachukua mji gani, nani ana makamanda wazuri, wewe unashabikia upande gani. Na aliyeulizwa kuhusu raia alijibu kwa utulivu wa mtu mzima: kule wote ni wale wale. Huku kwetu jibu hilo linatuvunjia heshima majirani. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imewapokea Wakongo tangu 1996. Barabara inayotoka hapa Mwandiga kwenda Manyovu inaishia mpakani na Burundi, na Warundi wamekimbilia mkoa huu mwaka 1972, wakaja tena 1993, wakaja tena 2015.

Kuna mama anayeuza mawese hapa sokoni, aliyevuka ziwa kutoka upande wa Fizi mwaka ule wa 1996. Nilipomwambia, baada ya shikamoo na habari za nyumbani, kwamba vijana chuoni wanasema makundi yote ya kule ni sawa, hakukasirika. Alisema, "Mwanangu, wote walichukua. Wa kwanza walichukua mbuzi. Wa pili walichukua mtoto. Huko chuo wanawafundisha hiyo ni kitu moja?"

Katika maneno yake hakuna malaika. Hakumtetea yeyote. Lakini ametofautisha, na kutofautisha ndiko kuhukumu. Anayesema "wote ni wale wale" amejitoa kwenye kazi hiyo, na anaweza kujitoa kwa kuwa mbuzi hakuwa wake wala mtoto hakuwa wake.

Wala sisemi gemu haziwezi. Mwaka 2014 studio ya Poland, 11 bit studios, ilitoa This War of Mine, ambamo humwongozi mfalme wala jemadari. Unaongoza raia wachache waliozingirwa mjini. Unaweza kuwaibia dawa na chakula wazee wawili wasio na silaha, mkaishi. Lakini baada ya hapo watu wako wanaingiwa na huzuni hadi kazi zinawashinda, na wewe unabaki nao ndani ya nyumba ile. Mwaka 2020 serikali ya Poland iliiweka kwenye orodha ya kazi zinazopendekezwa kwa wanafunzi. Utata umo tele, ila gemu haikuruhusu kusahau nani amelipa.

Kwa hiyo kwa watengenezaji chipukizi wa gemu wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Bukavu, ombi langu ni hili. Ujiji ipo, historia yake ipo, na hamhitaji kubuni himaya za kufikirika. Wekeni Mirambo, Tippu Tip na Leopold, kila mmoja na sababu zake nzuri. Halafu mpeni mchezaji mzigo wa pembe kichwani, njia ya miezi kadhaa, na usiku mmoja wa kuamua kama atatoroka au atabaki. Msimpe pa kuhifadhi. Ushindi wake uwe kufika kwao akiwa hai, na kwenye ramani ya wakubwa usionekane kabisa.