Ukuta Usiofika Paani

Ukiishi katika chumba cha kupanga mjini Kampala, huenda vipindi vya redio ya jirani unavijua kuliko vya redio yako. Wengi watakushauri ubandike trei za mayai ukutani. Usihangaike. Trei hizo hupunguza kidogo mwangwi wa chumbani mwako tu; haziizuii sauti itokayo upande wa pili, kwani sauti huzuiwa na uzito wa ukuta na kuzibwa kwa mianya.

Inua macho, utazame juu. Katika nyumba nyingi zenye vyumba vya safu, ukuta wa kati huishia usawa wa dari, na nafasi iliyo chini ya mabati hubaki wazi toka chumba cha kwanza hadi cha mwisho. Hapo ndipo kelele zipitapo, pamoja na moshi wa jirani apikaye. Matofali machache zaidi na lipu pande zote mbili vingepunguza adha hiyo kwa kiasi kikubwa. Aliyeyabania matofali hayo ni mwenye nyumba. Kwa nini gharama ailipe mpangaji?

Naona wapangaji wa safu nzima wamwendee pamoja, kabla hawajaanza kumchukia mwenzao ambaye kosa lake ni kukohoa. Akikataa, mwenyekiti wa LC1 yupo.

Muziki wa usiku ni shauri jingine. Kanuni za kelele za Uganda za mwaka 2003 ziliweka kikomo cha desibeli 35 usiku kwa nyumba za makazi, na hapo wa kujibu ni jirani mwenyewe. Mwendee kwanza, mchana, kabla hujamshtaki.